Maji Yasiyotakiwa katika Boti ya Uvuvi: Namna ya Kutafuta Mvujo wa Tangi la Chambo na wa Ngama

Mashua ya mbao huingiza maji kwa asili yake. Mbao zikikaa juani hukauka na kuachana, chombo kikirudi majini huvuja siku moja au mbili mpaka mbao zivimbe na kujifunga, na ndiyo maana mabaharia wa pwani yetu tangu zamani hawakusafiri bila upo wa kukumbia maji na pamba ya kalafati ya kuzibia mianya. Boti ya faiba ni kitu kingine kabisa. Bodi yake imetolewa katika kalibu ikiwa kipande kimoja, haina maungio ya mbao, haivimbi wala haisinyai, kwa hiyo haina sababu ya kuingiza maji ya bahari isipokuwa pale ilipopasuka, au pale mtu alipoitoboa ili kupitisha bomba, skrubu au waya.

Hata hivyo, wengi wetu tunaomiliki au kuhudumia boti hizi tumerithi mazoea ya mashua. Nahodha anakuta maji asubuhi ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, anawasha pampu, maji yanatoka, safari inaanza, na kesho yake mambo ni yale yale. Pampu ikiwa nzima, mvujo unaweza kukua kwa miezi mingi bila mtu kuutambua, mpaka usiku mmoja betri iishiwe na boti ikutwe imekaa chini ufukoni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufuata mvujo hatua kwa hatua mpaka tundu lenyewe lionekane kwa macho, kabla ya kununua gundi na kabla ya kununua pampu kubwa zaidi. Umeandikwa kwa ajili ya boti za faiba za futi 18 hadi 30 zenye mashine moja au mbili za kufungwa nyuma, kama zile zinazotoka Malindi, Watamu, Kilifi na Shimoni kufuata nguru, jodari na sulisuli, ingawa sehemu kubwa ya maelezo itamfaa pia mwenye boti ya ziwani.

Kwa nini tangi la chambo lishukiwe kwanza

Tangi la chambo hai, lile ambamo vibua huwekwa wakiwa wazima mpaka wafike kwenye ndoana, ni karibu sehemu pekee ya boti ya aina hii iliyotengenezwa makusudi ili bahari iingie ndani. Chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, kuna tundu lenye chujio. Juu ya tundu hilo kuna vali ya kufungulia na kufungia. Baada ya vali kuna pampu ndogo ya volti 12. Kutoka hapo mpira hupeleka maji tangini. Juu ya tangi kuna tundu la kufurikia ambalo hurudisha baharini maji yaliyozidi, na sakafuni mwa tangi kuna tundu la kumwagia maji yote siku ya kuosha. Kwa hiyo tangi moja huiletea boti matundu matatu katika bodi, na mawili kati ya hayo huwa chini ya usawa wa maji au jirani nao boti ikishapakiwa mafuta, barafu na watu. Ukihesabu viungio vya mipira iliyounganisha vitu hivyo utapata kati ya sita na kumi, na vingi vimefichwa nyuma ya tangi, mahali ambapo mkono wa mtu mzima huingia kwa shida.

Ndiyo maana hitilafu mbili ambazo watu huzieleza kama mambo tofauti, yaani tangi linalojaa au kukauka lenyewe na ngama inayokusanya maji, mara nyingi ni hitilafu moja. Anayetafuta mvujo wa ngama bila kuligusa tangi la chambo atapoteza siku nzima.

Ni vyema pia kujua ukubwa wa jambo tunaloshughulika nalo. Tundu lenye kipenyo cha milimita 25, ambalo ni la kawaida kwa bomba la tangi, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza mwanzoni karibu lita 40 kila dakika. Pampu ndogo ya ngama iliyoandikwa galoni 500 kwa saa za Kimarekani hutoa, kwa hesabu ya karatasini, kama lita 31 kwa dakika, na hesabu hiyo hupatikana betri ikiwa na nguvu kamili na maji yakiwa hayapandishwi juu hata kidogo. Katika boti halisi, penye mpira mrefu na betri iliyochoka, hutoa pungufu sana ya hapo. Mpira mmoja wa tangi ukichomoka, pampu hiyo imekwisha kushindwa. Na kila lita ni kilo moja: lita 150 zinazokimbia ovyo chini ya sitaha ni sawa na watu wawili wanaoruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kila wimbi linapopita, tena daima upande ambao boti tayari imeinamia.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua mifuniko yote ya sitaha, uiache ngama ipate hewa, kisha unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini pale pale panapokaa maji, na cheche moja ya swichi inatosha. Ukisikia harufu, usiwashe pampu wala taa. Tafuta kwanza mvujo wa mafuta, na maji yaliyochanganyika na petroli yatolewe kwa upo na sponji yakatiwe katika dumu. Maji ya ngama yenye mafuta yasimwagwe baharini kwa hali yoyote. Matumbawe ya hifadhi za Malindi na Watamu, ambazo zimelindwa tangu mwaka 1968, yako umbali mfupi tu kutoka nanga zetu, na samaki tunaowategemea huanzia maisha yao humo.

Baada ya hapo kausha ngama kabisa. Pampu huacha maji ya sentimita mbili au tatu ambayo haiwezi kuyanyonya, kwa hiyo maliza kwa sponji na kitambaa, kisha suuza kwa maji baridi ya bomba na ukaushe tena. Ngama iliyo kavu na safi ndiyo chombo chako kikuu cha uchunguzi, kwa sababu katika ngama chafu kila kitu huonekana kuwa kimelowa. Swichi ya kujiwasha ya pampu izimwe wakati wote wa majaribio ili isitoe ushahidi kabla hujauona. Lakini kwa sababu hiyo hiyo boti isiachwe bila mtu hata kwa nusu saa.

Maji gani, na huja wakati gani

Jambo la kwanza kuamua ni kama maji ni ya bahari au ya mvua. Usiyaonje, maana ngama hukusanya mafuta na uchafu wa samaki. Dondosha matone machache juu ya kipande cha kioo au bati safi, uyaache yakauke juani. Maji ya bahari huacha ukoko mweupe. Maji ya mvua huacha alama hafifu tu. Kipimo hiki hufaa ikiwa ngama ilisuuzwa kwanza, kwani maji ya mvua yakipita juu ya chumvi ya zamani nayo huwa ya chumvi. Yakiwa ya mvua, acha kutazama chini. Tazama mifuniko ya sitaha, misingi ya viti na vishikio, na mahali nyaya za usukani zinapopita. Kwa boti ya Ziwa Victoria au Tanganyika kipimo hiki hakina maana, na itabidi utegemee maswali yanayofuata.

Uliza maji huja lini. Boti ikilala nangani usiku kucha bila kutumika na asubuhi ngama ina maji, mvujo uko chini ya usawa wa maji na huingiza muda wote: nguruzi ya tezi (kizibo cha tundu la kutolea maji ya ngama), vali, tundu la kuingizia maji, au skrubu za kipima kina. Ikiwa boti hulala kavu lakini hurudi na maji baada ya safari ya mwendo mkali, tafuta vitu vilivyo juu kidogo ya usawa wa maji ambavyo hufunikwa boti ikikimbia au ikirudi nyuma, na pia nyufa zinazofunguka bodi ikipigwa na mawimbi. Ikiwa maji huja siku za kuvua tu, yaani siku ambazo pampu ya chambo inafanya kazi, basi tangi na mipira yake vimekwisha kujitaja. Ninaliona swali hili la wakati kuwa na thamani kuliko vifaa vyote vya fundi, na aghalabu mwenye boti anajua jibu lake bila kujua kuwa analijua; mwulize taratibu.

Pima pia kiasi. Kausha, subiri nusu saa kamili ukitazama saa, kusanya maji kwa sponji ndani ya jagi lenye vipimo, uandike. Kikombe kimoja kwa nusu saa na lita tano kwa nusu saa ni magonjwa tofauti. Kumbuka kwamba pampu ya ngama ikizimwa, maji yaliyobaki ndani ya mpira wake hurudi chini: mpira wa robo tatu ya inchi wenye urefu wa mita 2 hurudisha zaidi kidogo ya nusu lita, na mpira wa inchi moja na robo ya nusu (1⅛) hurudisha lita moja na zaidi. Hayo si mvujo, na watu wamefungua boti zao bure kwa sababu yake.

Kukalisha boti maji yakipwa

Mafundi wa nchi nyingine huhitaji winchi na gari la kubebea boti ili kuitazama kutoka chini. Sisi tumejaliwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani ya Kenya na Tanzania tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, na kati ya kujaa na kupwa kuna kama saa sita. Chagua ufuko wa mchanga usio na mawe, uliokingwa na mawimbi, lete boti maji yanapoanza kupwa, inua mashine, iache ikae taratibu. Utapata saa tatu au nne za kufanya kazi penye ukavu.

Hapo fanya jaribio la kinyume: badala ya kungoja maji yaingie, yatie ndani uone yanapotokea. Kwa ndoo, mimina maji ngamani kidogo kidogo mpaka yafike sentimita chache juu ya nguruzi, bila kuzifikia betri wala maungio ya nyaya. Lita 40 hadi 60 zinatosha kwa boti nyingi za ukubwa huu, na si busara kutia zaidi, kwa sababu bodi imejengwa kustahimili maji yanayoisukuma kutoka nje na si uzito unaoilemea kutoka ndani. Futa nje ya tezi kwa kitambaa kikavu, kisha upake poda ya kawaida ya mwilini kuzunguka nguruzi, kuzunguka kila tundu, skrubu za kipima kina na boliti za mashine. Poda ikilowa huonyesha mstari wa tone la kwanza kabla jicho halijaliona tone lenyewe.

Anza na nguruzi. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo, na ndiyo sababu hudharauliwa. Oringi yake hukakamaa, meno yake hulika, na pete yake iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa tezi, yaani ule ubao wa nyuma unaobeba mashine, huweza kuvuja pembeni hata kama nguruzi yenyewe imekazwa vizuri. Ondoa pete hiyo ikiwa poda imelowa kuizunguka. Ukikuta mbao iliyo ndani ya ukuta ni laini ukiichoma kwa bisibisi, au inatoa maji ya rangi ya chai, tatizo limepita nguruzi, na ukuta huo unahitaji fundi wa faiba kabla mashine haijaning'inizwa tena juu yake kwa safari ndefu.

Baada ya nguruzi, kausha ngama na uhamie kwenye tangi. Tia maji yenye rangi ya chakula, nyekundu au kijani iliyokolea, mpaka robo ya tangi, usubiri dakika kumi huku mtu mmoja akimulika ngama kwa tochi. Kisha nusu. Kisha mpaka usawa wa tundu la kufurikia, na mwishowe lifurike kwa makusudi kwa dakika kadhaa. Rangi ikionekana ngamani, kiwango cha maji kilichokuwamo tangini wakati huo hukuambia urefu wa mvujo. Rangi ikitokea tangi likiwa robo, shuku tundu la kumwagia na viungio vyake; ikitokea katikati, shuku kuta na pembe za tangi; ikitokea wakati wa kufurika tu, shuku kiwiko na mpira wa kufurikia.

Niliwahi kuitwa kutazama boti ya futi 23 ambayo pampu yake ya ngama ilikuwa imebadilishwa mara mbili, na kila skrubu ya tezi ilikuwa imepakwa silikoni ya kuzibia mabafu. Ililala katika hori la bahari wiki nzima ikiwa kavu, lakini ilirudi kutoka kuvua na maji ya kufunika betri. Tangi likiwa robo, hakuna kitu. Nusu, hakuna kitu. Maji yenye rangi yalipoanza kufurika, ngama iligeuka kijani kabla sijamaliza kuuweka mfuniko pembeni: kiwiko cha plastiki nyuma ya tangi kilikuwa kimepasuka kwenye meno yake, na sehemu kubwa ya maji yaliyofurika tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa ikimiminika ndani ya boti badala ya baharini. Kiwiko kilibadilishwa kwa dakika ishirini. Kuondoa silikoni isiyohitajika kulichukua siku mbili.

Kabla maji hayajajaa tena, rudisha nguruzi. Mtu mmoja apewe jukumu hilo kwa jina lake, na nguruzi ikae mkononi mwake au mfukoni mwake, si mahali pengine.

Majaribio boti ikiwa inaelea

Jaribio la ufukoni halitakuonyesha kila kitu, kwa sababu viungio vingine huvuja vikisukumwa kutoka nje tu. Boti ikielea, zungushia kila kiungio, kila klipu na kila mwili wa vali karatasi kavu ya chooni, kisha uangalie ni ipi inayolowa kwanza. Usidanganywe na mahali maji yanapokusanyika. Maji hufuata mataruma, yaani mbavu za boti, na mikunjo ya faiba, yakaonekana mita nzima kutoka yalipoingilia, na boti zilizojazwa povu la plastiki chini ya sitaha huweza kunyonya maji kwa miaka na kuyatoa polepole kwa siku nyingi. Ukiona ngama inaendelea kulowa boti ikiwa nchi kavu siku ya tatu, hayo ni maji ya povu, na mvujo wa leo utautambua kwa maji yaliyozidi kiasi hicho.

Funga vali ya tangi la chambo, upime nusu saa. Ifungue bila kuwasha pampu, upime tena. Kisha washa pampu, upime mara ya tatu. Vali za mpini huwa wazi mpini ukilingana na bomba na huwa zimefungwa mpini ukikata bomba, lakini vali ya zamani huweza kuzunguka mpini wake bila kufunga kitu ndani. Ikiwa maji huongezeka pampu ikiwaka tu, tazama mwili wa pampu. Pampu nyingi za tangi zina mota inayochomolewa kwa kuizungusha ili isafishwe, na oringi yake isiporudishwa sawasawa, au mota isipozungushwa mpaka ilie kidogo na kufunga, huvuja kila inapowashwa.

Mwisho, peleka boti mwendoni na mtu mwenye tochi akiwa ametazama ngama, kwanza mwendo wa taratibu, kisha mwendo wa kuruka juu ya maji, kisha kurudi nyuma kama inavyofanywa samaki mkubwa akiwa kwenye mshipi. Mtu huyo avae koti la kuokolea maisha, na mifuniko isiyohitajika ibaki imefungwa.

Tangi linapojaa au kukauka lenyewe

Tangi likijaa bila pampu kuwashwa, boti ikiwa nangani, sababu ni usawa wa maji: sakafu ya tangi iko chini ya bahari, na vali imeachwa wazi au haifungi. Mara nyingi hutokea pia boti ikipakiwa mzigo wa nyuma kuliko kawaida, kwa mfano baada ya kuongezwa mashine nzito zaidi, ambapo matundu yaliyokuwa juu ya maji kwa miaka sasa yako chini yake.

Likijaa boti ikiwa mwendoni, tazama chujio lililo chini ya tezi. Chujio lenye mdomo uliogeukia mbele hukusanya maji kwa nguvu ya mwendo. Katika mwendo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), nguvu hiyo kwa hesabu yaweza kupandisha maji zaidi ya mita 5, kwa hiyo pampu iliyozimwa haiwezi kuyazuia, kwa kuwa maji hupita ndani yake bila kizuizi. Kinyume chake, chujio lililogeuzwa nyuma hunyonya maji ya tangi boti ikikimbia, na nahodha akifika kwenye mwamba hukuta vibua vinatapatapa penye ukavu. Dawa ni kuwa na mazoea ya kufunga vali kabla ya mwendo mkali, au kuligeuza chujio kulingana na namna boti inavyotumika.

Boti inaporudi nyuma, maji hurundikana dhidi ya ukuta wa tezi na kuingia kwa nguvu katika matundu ya kutolea maji. Vali ya njia moja ndiyo iliyowekwa kuyazuia, lakini gamba moja la samaki au jani la mwani likikwama mdomoni mwake huibakiza wazi, na ziwani mizizi ya gugu maji hufanya kazi hiyo hiyo. Ichomoe, ioshe, upulize kwa mdomo kila upande: upande mmoja upite, mwingine ukatae. Ikipita pande zote, ibadilishe, na ikiwa hitilafu hurudi kila msimu, fikiria kuhamishia tundu la kutolea ubavuni mwa boti, juu ya usawa wa maji.

Kuhusu tangi linalomwaga juu ya sitaha, sababu ni mbili tu: chujio la kufurikia limeziba magamba, au bomba la kufurikia ni jembamba. Pampu husukuma, lakini bomba la kufurikia hutegemea uzito wa maji pekee, kwa hiyo lazima liwe pana kuliko linaloleta maji. Bomba la robo tatu ya inchi likileta, la kutoa lisipungue inchi moja na robo ya nusu, na lisiwe na kiwiko kinachopanda.

Pampu ya ngama nayo huweza kuleta maji

Mpira wa pampu ya ngama ukitokea nje karibu sana na usawa wa maji, boti ikipakiwa au ikilala upande mmoja tundu hilo huzama, na maji ya bahari hufuata njia ile ile kurudi ndani hata kama pampu ni nzima. Mpira upandishwe mpaka chini kabisa ya sitaha ndipo ushuke kwenye tundu lake, nalo liwe juu iwezekanavyo. Sishauri vali ya njia moja katika mpira huu, kwa kuwa uchafu wa ngama huiziba na siku ya hatari pampu itazunguka bila kutoa kitu. Mpira uwe laini ndani; ule wenye mikunjo hupunguza maji sana.

Swichi ya boya ijaribiwe kwa kuinuliwa kwa mkono kila wiki. Waya wake uende moja kwa moja betrini kupitia fyuzi ya ukubwa ulioandikwa juu ya pampu, usipitie swichi kuu, ili ifanye kazi hata boti ikiwa imezimwa yote. Maungio ya nyaya yawekwe juu, mbali na maji, na yafunikwe kwa mirija inayosinyaa kwa joto yenye gundi ndani. Utepe wa umeme wa nyumbani hautoshi, na waya uliogeuka kijani ukatwe mpaka upate shaba inayong'aa.

Kutengeneza

Usipake gundi juu ya kitu kinachovuja. Kitoe, kisafishe, kikague, kisha kirudishe juu ya gundi mpya. Silikoni ya nyumbani haifai chini ya usawa wa maji, na mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote isishike, ndiyo maana lazima iondolewe yote kwa wembe na kufutwa kwa asetoni. Kwa matundu ya bodi tumia gundi ya baharini ya poliyurethani, ukijua kwamba hushika kwa nguvu na kukitoa kifaa tena baadaye kutakuwa kazi. Kaza nusu kwanza mpaka gundi itokeze pande zote, uache ianze kushika, ndipo umalizie kukaza. Ukikaza mara moja utaitoa yote nje. Muda wa kukauka ulioandikwa kwenye mrija uheshimiwe, hata kama ni siku kadhaa. Tundu lolote linalopita kwenye mbao ya ndani lipakwe epoksi kuta zake zote kabla ya kifaa kurudi.

Matundu ya plastiki nyeupe ya kawaida huchakazwa na jua mpaka yakavunjika kwa kidole. Yaliyo chini ya maji yawe ya bronzi au ya plastiki iliyoimarishwa kwa ajili ya bahari. Brasi ya dukani ya mabomba ya nyumba isitumike baharini, kwa sababu maji ya chumvi hula zinki iliyomo, ikabaki shaba dhaifu yenye rangi ya waridi. Klipu za mipira ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, mbili kwa kila ncha iliyo chini ya usawa wa maji, zikigeuziana skrubu, mradi shingo ya kifaa ni ndefu ya kutosha kuzibeba zote mbili.

Kando ya kila vali funga kwa kamba nguruzi ya mti laini iliyochongwa kama karoti. Mti laini huvimba ukilowa, na tundu la milimita 25 lililoelezwa mwanzoni huzibwa nayo kwa pigo moja la kiganja.

Kazi ikimalizika, rudia jaribio lile lile lililoufichua mvujo, si jingine, na kwa kiwango kile kile cha maji. Kisha boti ilale nangani usiku tatu, mtu akiwa jirani, na kila alfajiri ngama ifutwe kwa sponji na kiasi kiandikwe. Sponji ikitoka kavu mara zote tatu, swichi ya pampu irudishwe kwenye nafasi ya kujiwasha.